Somo la Wafanyakazi: Kazi Ilipohamia Nyumbani, Gharama Alilipa Nani?



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa swali moja mara nyingi, na mara nyingine kwa hasira. Wakati wa korona makarani walikaa nyumbani na mshahara wao ukaingia. Sisi wa mashine na wa jembe tukaambiwa tuchague: ama tuje kazini tubanane, ama tukae nyumbani bila kitu. Mbona ilikuwa hivyo, na chama kilikuwa wapi?

Swali hili ni la haki. Lakini ndani yake yamo maswali mawili yaliyosokotwa pamoja kama kamba, na tusipoyafumua tutagombana sisi kwa sisi, na mwajiri atakaa kando akitutazama. Swali la kwanza ni la afya: nani alikingwa na ugonjwa, na nani aliachwa? La pili ni la fedha: kazi ilipotoka ofisini ikaingia nyumbani, gharama zake zilimwangukia nani? Wengi wanadhani karani alipata faida katika yote mawili. Sisi tunasema alipata katika la kwanza, na katika la pili alinyonywa pamoja nasi, ila kwa njia nyingine.

Jina jipya, jambo la zamani

Tukisema kazi ya nyumbani hapa hatusemi kupika na kuteka maji, ingawa hiyo nayo ni kazi na tutaifikia. Tunasema kazi ya kulipwa ambayo mtu anaifanyia kwake, mbali na ofisi au kiwanda cha mwajiri. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta, simu na intaneti. Sheria yetu inaiita kwa Kireno teletrabalho.

Jambo lenyewe si geni. Mama anayesokota kamba za makumbi uani kwake, akamwuzia tajiri kwa bei anayoitaka tajiri, anafanya kazi ya nyumbani. Shirika la Kazi Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019, kabla ya korona, watu kama milioni 260 duniani walikuwa wakifanyia kazi majumbani mwao, na zaidi ya nusu yao ni wanawake. Wengi wao si makarani. Ni washonaji, wasukaji, wabanguaji, wafungaji wa bidhaa, watu wanaolipwa kwa idadi ya vitu na siyo kwa saa.

Wazee wetu wa Montepuez na wa uwanda wa Mueda wanalijua somo hili bila kwenda shule. Kuanzia mwaka 1938 serikali ya Kireno ililazimisha wakulima wa kaskazini kupanda pamba, na lazima hiyo haikufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1961. Makampuni kama SAGAL yaligawiwa maeneo. Kampuni ilitoa mbegu, na mavuno yakifika ilinunua pamba kwa bei iliyopangwa juu. Haikununua ardhi, haikununua jembe, haikutoa chakula cha mchana, na mvua ikikosa haikulipa kitu. Shamba lilikuwa la mkulima, jembe lake, mgongo wake, watoto wake. Pamba tu ndiyo ilikuwa ya kampuni.

Hatusemi kwamba karani aliyekaa na kompyuta mwaka 2020 ni sawa na mtu aliyechapwa na sipai kwa ajili ya pamba. Kwa ukali hawafanani hata kidogo. Wanafanana kwa hesabu. Mahali pa kazi panapokuwa nyumbani kwa mfanyakazi, vitu ambavyo mwajiri angevinunua hununuliwa na mfanyakazi, tena bila kuandikwa popote.

Mambo yalivyokwenda kwetu

Tukumbushane tarehe, kwa sababu watu wameanza kuzisahau. Mgonjwa wa kwanza wa korona Msumbiji alitangazwa tarehe 22 Machi 2020. Tarehe 23 shule zilifungwa nchi nzima, na siku hiyo hiyo Mocímboa da Praia ilivamiwa. Kwa watu wa pwani hii ugonjwa na vita viliingia kwa mlango mmoja. Hali ya Hatari iliyotangazwa na Rais Nyusi ilianza tarehe 1 Aprili. Amri zilizofuata zilisema kwamba mahali pa kazi, pa serikali na pa watu binafsi, pabaki na wafanyakazi wasiozidi theluthi moja kwa wakati mmoja, na vikundi vibadilishane kila siku 15.

Basi tujiulize: theluthi mbili zilizobaki ziliambiwa ziende wapi? Hapo ndipo wafanyakazi walipogawanywa.

Wa kalamu aliweza kuchukua kazi yake akaenda nayo. Wa mashine hawezi. Huwezi kubeba kikaushio cha korosho begani ukakiweka barazani. Mnazi haupandwi kwa simu. Katika mwaka ule ule wa 2020 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba katika kila wafanyakazi 100 duniani, karibu 18 tu walikuwa na kazi inayoweza kufanyiwa nyumbani na wanaishi katika nchi zenye umeme na mitambo ya kuwawezesha. Hiyo ni hesabu ya dunia nzima, Ulaya na Marekani zikiwemo. Kwetu, mwaka huo kituo cha umeme cha Awasse kiliharibiwa katika vita, na wilaya za kaskazini zikakaa gizani kwa miezi mingi. Tunadhani kila msomaji anaweza kufanya hesabu yake mwenyewe.

Afungi

Mwezi Aprili 2020 ugonjwa ulizuka katika kambi ya Afungi, wilaya ya Palma, mahali mradi wa gesi wa Total ulipokuwa ukijengwa. Kwa wiki kadhaa sehemu kubwa ya wagonjwa wote waliothibitishwa katika Msumbiji walihusishwa na kambi hiyo moja. Siyo Maputo, siyo Beira. Mahali pa kwanza ugonjwa huu uliposhika kwa nguvu katika nchi yetu palikuwa mahali pa kazi, na palikuwa kwetu.

Tutazame sababu, maana sababu ndiyo somo. Wengine walisema wageni ndio walioleta ugonjwa, wakaishia hapo. Ugonjwa uliletwa na ndege, ni kweli, kwa kuwa korona ilisafiri na watu wanaosafiri. Lakini kuletwa ni jambo moja, na kuenea ni jambo jingine. Kambi ni mahali watu wanapolala karibu karibu, wanapokula ukumbi mmoja, wanapopanda gari moja kwenda kazini na kurudi. Mtu mmoja akikohoa usiku, asubuhi kikosi kizima kimeshavuta pumzi yake. Mhandisi wa michoro na mtu wa mahesabu wanaweza kuhamishwa wakafanya kazi hiyo hiyo wakiwa Maputo au Ulaya. Mpishi, dereva, mlinzi, mfagiaji na mjenzi hawana kazi bila ya kambi. Kambi ilipofungwa ili watu wasiingie wala kutoka, wao ndio waliofungiwa.

Uganda jambo hili lilisemwa wazi zaidi. Mwisho wa Machi 2020 Rais Museveni alisema viwanda viendelee kufanya kazi kwa sharti moja: wafanyakazi wanaohitajika wapige kambi katika eneo la kiwanda kwa siku 14. Mwenye kiwanda asiyeweza kuwaweka, asimamishe kazi. Wauza chakula masokoni nao waliambiwa wasirudi nyumbani, na Kampala akina mama walilala sokoni chini ya vyandarua, kando ya mafungu yao ya nyanya. Tazameni jinsi mambo yalivyopinduka. Kwa mtu wa ofisi nyumba ikawa ofisi. Kwa mtu wa kiwanda, kiwanda kikawa nyumba.

Hatuilaumu Uganda kwa kutaka viwanda visife. Watu lazima wale, na dawa na sabuni lazima zitengenezwe. Tunachouliza ni hiki: mtu aliyelala kiwandani siku 14, saa zake za usiku zilihesabiwa vipi? Nani aliwatazama watoto wake? Maswali kama haya huandikwa katika mkataba kabla ya janga, kwa sababu janga likishafika kila kitu huitwa dharura, na kwa dharura mnyonge huambiwa anyamaze.

Kwamba kukaa nyumbani kuliokoa watu, hilo lina ushahidi. Katika jimbo la California, Marekani, wataalamu walihesabu vifo vya watu wa umri wa kufanya kazi kuanzia Machi mpaka Oktoba 2020, wakavilinganisha na vile ambavyo vingetarajiwa katika mwaka wa kawaida. Kwa watu wote wa umri huo vifo vilizidi kwa asilimia 22. Kwa wafanyakazi wa chakula na kilimo vilizidi kwa asilimia 39. Wa usafiri na uchukuzi, asilimia 28. Wa viwanda, asilimia 23. California ni nchi ya matajiri, ina hospitali nyingi, na bado mchuma matunda na mpishi walikufa kuliko wengine. Hawakufa kwa uzembe wala kwa ujinga. Walikufa kwa sababu kazi yao ilitaka mwili uwepo.

Huo ndio ukweli wa swali la kwanza. Umbali ulikuwa dawa kabla ya chanjo kufika, na chanjo hapa Msumbiji ilianza kutolewa tarehe 8 Machi 2021. Dawa hiyo ya umbali iligawiwa kwa cheo. Haikugawiwa kwa hatari.

Waliorudishwa nyumbani bila kazi

Katikati ya karani na mtu wa kambini walikuwepo wengine, nao ndio wengi zaidi katika matawi yetu: walioambiwa warudi nyumbani na kazi ikabaki kiwandani. Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu fedha nyingi za wafanyakazi zilipotelea hapa na wengi hawajui mpaka leo kwamba zilikuwa haki yao.

Sheria ya Kazi iliyokuwa ikitumika wakati ule ni namba 23 ya mwaka 2007. Sheria hiyo ilimruhusu mwajiri kusimamisha mikataba kwa muda kwa sababu za kiuchumi. Lakini haikumruhusu kusimamisha kwa mdomo. Ilimtaka amwandikie kila mfanyakazi, aeleze sababu, ataje siku ya kuanza na muda, na nakala ya barua iende kwa wizara inayohusika na kazi na kwa chama. Na ilimtaka alipe: mwezi wa kwanza asilimia 75 ya mshahara, mwezi wa pili 50, mwezi wa tatu 25. Kisha ikaweka sakafu, nayo ndiyo waajiri wengi waliisahau: malipo hayo yasipungue kima cha chini cha mshahara.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua mfanyakazi wa shamba aliyekuwa akipata meticais 6,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha kilimo kilichowekwa mwaka 2019 kilikuwa meticais 4,390. Mwezi wa kwanza asilimia 75 ni 4,500. Hiyo imepita sakafu, basi analipwa 4,500. Mwezi wa pili asilimia 50 ni 3,000. Imeshuka chini ya sakafu, basi analipwa 4,390. Mwezi wa tatu asilimia 25 ni 1,500, na hapo pia analipwa 4,390. Jumla ya miezi mitatu ni meticais 13,280. Mwajiri asiyejua sakafu, au anayejifanya hajui, angempa 9,000. Tofauti ni meticais 4,280, karibu mshahara wa mwezi mzima wa kima cha chini.

Na hao ni waliopewa barua. Mahali pamoja, ambapo hatutapataja, watu walisomewa majina getini na msimamizi, wakaambiwa "mtaitwa". Hawakuandikiwa kitu. Wengine walipelekwa likizo yao ya mwaka bila kuulizwa, na likizo ilipokwisha wakaambiwa sasa ni likizo bila malipo. Vibarua wa msimu hawakusimamishwa hata kidogo, kwa kuwa karatasini hawakuwepo, hawakuitwa tu. Mtu asiye na karatasi hana hata tarehe ya kudai. Kwa sababu hiyo hatuchoki kuwaambia watu wa mashambani: dai karatasi kabla ya kudai nyongeza.

Nyongeza yenyewe haikuwepo. Mazungumzo ya kila mwaka ya kima cha chini yaliahirishwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na kima cha 2019 kikaendelea mpaka 2021. Bei ya mchele haikuahirishwa.

Kule nyumbani kwa karani

Sasa turudi kwa yule tunayemwonea wivu. Tumezungumza na makarani wa Pemba waliofanyia kazi nyumbani wakati ule. Mmoja alikuwa na chumba na ukumbi. Ndugu zake waliokimbia vita walifika kwa mashua katika pwani ya Paquitequete mwezi Oktoba 2020, wakati maelfu walipokuwa wakishuka pale na mizigo yao kichwani. Basi katika nyumba ile wakalala watu kumi na wanne. Yeye aliweka kompyuta juu ya pipa la maji, akaketi juu ya kigoda, na alipoongea na wakubwa wake kwa simu alitoka nje akasimama chini ya mkorosho, kwa sababu ndani watoto walikuwa wakilia. Umeme wa kadi alinunua mwenyewe. Vifurushi vya simu alinunua mwenyewe. Mwisho wa mwezi mshahara ulikuwa ule ule, yaani umepungua.

Tuwe wa haki: alipata pia. Hakupanda chapa, akaokoa nauli na saa za barabarani. Hakubanana na watu, na hakuugua. Wapo walioipenda kazi hiyo na wangependa iendelee, hasa wenye nyumba tulivu. Hatusemi kazi ya nyumbani ni mbaya. Tunasema si bure, na aliyeifanya ionekane bure ni yule ambaye bili haikumfikia. Ofisi iliyofungwa haitumii umeme, haitaki mfagiaji, haitaki mlinzi wa mchana. Fedha hiyo iliokolewa. Haikwenda kwa karani, na mfagiaji alipoteza kazi.

Kisha yako mambo ya afya ambayo hayaonekani kama jeraha la panga. Mgongo unaoketi kwenye kigoda saa tisa huharibika polepole. Macho huuma. Na kubwa zaidi ni saa za kazi. Kiwandani king'ora kikilia umemaliza. Mtu wa zamu anajua amemaliza. Nyumbani hakuna king'ora. Ujumbe unakuja saa mbili usiku, mwingine saa nne, na karani anajibu kwa kuogopa kwamba asipojibu ataandikwa katika orodha ya watakaopunguzwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hiyo ni kabla ya korona. Wataalamu hao walionya kwamba kufanyia kazi nyumbani kunafuta mpaka kati ya saa za kazi na saa za kupumzika, na saa ndefu zitaongezeka. Tena katika mwaka wa kwanza wa janga, Shirika la Afya Duniani lilisema, maradhi ya wasiwasi na ya huzuni nzito yaliongezeka duniani kwa asilimia 25. Kwetu huitwa kuwaza sana, na mtu huambiwa ajikaze. Ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

Kwa wanawake mzigo ulikuwa wa pande mbili. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto wako nyumbani, wagonjwa wako nyumbani, wageni wa vita wako nyumbani, na kazi ya mwajiri nayo iko nyumbani. Mwanamume akiketi na kompyuta watu husema nyamazeni, baba anafanya kazi. Mwanamke akiketi na kompyuta huulizwa chakula kitaiva saa ngapi. Hili mwajiri hakulianzisha. Limo katika nyumba zetu, wanachama wa chama tukiwemo, na tunalisema hapa kwa sababu halitasemwa katika mkataba wowote.

Liko jambo moja zaidi, nalo linatuhusu sisi waandalizi moja kwa moja. Chama hakijengwi kwa barua. Kinajengwa wakati wa chakula, kwenye foleni ya mshahara, chini ya mwembe nje ya geti, watu wanapoulizana: wewe umekatwa kiasi gani? Makarani walipotawanywa kila mmoja kwake, mazungumzo hayo yalikatika. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayenunua umeme wa ofisi kwa fedha yake. Mmoja alituambia alikaa miezi minne bila kujua kwamba mwenzake wa meza ya pili alikuwa akirudishiwa fedha za vifurushi, kwa sababu tu yeye aliomba.

Wenzetu walifanya nini

Mwezi Desemba 2021 Ureno ilibadili sheria yake ya kazi, na mabadiliko yakaanza tarehe 1 Januari 2022. Mwajiri anapaswa kulipa gharama zinazoongezeka kwa sababu ya kazi kuhamia nyumbani, umeme na intaneti zikiwemo. Haruhusiwi kumtafuta mfanyakazi katika saa zake za mapumziko, isipokuwa kwa jambo kubwa lisilozuilika. Haruhusiwi kumlazimisha awe mbele ya kamera siku nzima. Na inabidi wafanyakazi wa namna hii wakutanishwe uso kwa uso na wakubwa na wenzao, usipite muda wa miezi miwili. Kifungu hiki cha mwisho wengi wamekipita haraka. Sisi tunakiona kikubwa, kwa sababu ya ule mwembe wa nje ya geti.

Hapa kwetu Sheria mpya ya Kazi, namba 13 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Februari 2024, imeitambua kazi ya namna hii. Sasa ina jina katika sheria, na kitu chenye jina kinaweza kujadiliwa mezani. Lakini kutambuliwa si kulipwa. Ni nani ananunua umeme, saa ngapi simu inazimwa, mtu anapewa kiti cha namna gani, haya lazima yaandikwe katika makubaliano ya pamoja ya kila mahali pa kazi.

Na sisi ambao kazi yetu haiwezi kwenda nyumbani, tuandike yetu katika karatasi hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya dunia tena. Hakuna aliyetangaza kwamba magonjwa ya kuambukiza yamekwisha katika Cabo Delgado. Kipindupindu kilikuwepo mwaka ule ule wa korona. Likija jingine, anayebaki kiwandani alipwe nyongeza ya hatari kwa sababu anabaki. Anayelala kambini apewe nafasi ya kulala iliyopimwa, na saa zake zihesabiwe. Anayerudishwa nyumbani apewe barua na asilimia zake, sakafu ikilindwa. Makato ya hifadhi ya jamii, asilimia 3 kwa mfanyakazi na 4 kwa mwajiri, yafike kweli INSS, ili atakayeugua asikute jina lake halimo.

Karani na mchuma nazi wakidai katika karatasi moja, mwajiri hawezi kumwambia mmoja kwamba fedha zake zimeliwa na mwingine. Wakidai mbalimbali atawaambia hivyo wote wawili.

Ya kuzungumza katika tawi

Tunaomba kila tawi lilisome somo hili kwa sauti, kwa Kiswahili, na pale panapohitajika lielezwe kwa Kimwani, Kimakonde au Kimakua. Kisha mjiulize. Katika mahali penu pa kazi, ni nani aliyerudishwa nyumbani mwaka 2020, na kwa barua ya nani? Walilipwa asilimia ngapi, na je, sakafu ililindwa? Ni kazi zipi kwenu zinazoweza kufanyiwa nyumbani, na wanaozifanya wamo katika chama au wanajiona ni watu wa mwajiri? Wanawake wazungumze kwanza katika swali la nyumbani, na wanaume wasubiri.

Mwenye barua ya kusimamishwa ya mwaka ule, hata ikiwa imechakaa, aje nayo. Anayesoma Kireno aje na nakala ya sheria mpya. Asiye na barua wala mkataba aje na majina ya watu wawili waliofanya kazi naye, pamoja na tarehe anazozikumbuka, naye katibu wa tawi atayaandika daftarini.